Ukoko wa Ghorofa ya Nne

Kitabu kilikuwa na jalada la bluu na picha ya msichana mwenye mwavuli, amesimama ndani ya lifti. Nilikikuta karibu na bandari, kwa mama mmoja ambaye amegeuza sebule yake kuwa chumba cha kusomea. Alikuwa amepata katoni mbili za vitabu vya Kifaransa, akavipanga juu ya rafu ya mbao, na kila mtu anaruhusiwa kuazima kimoja. Mimi ni karani wa shule ya sekondari hapa Kindu, nina miaka arobaini na kidogo, na vitabu vya watoto huwa navipita. Lakini nilipokifungua kile nikaona pameandikwa kwamba kimetafsiriwa kutoka Kikorea.

Korea niliijua kwa simu, kwa friji ya shule, na kwa tamthilia ambazo wasichana wa ofisini wanazifuata. Kwamba kuna mtu huko aliyekaa akawaandikia watoto hadithi ya uchawi, na mwingine akakaa akaitia katika Kifaransa, na mwingine tena akaifunga kwenye katoni mpaka ikafika kwetu, hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Nikataka kujua watoto wa kule wanatishwa na nini. Nikakichukua.

Naishi na mama yangu. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Jicho la kulia walilipasua madaktari waliopita hapa mjini, na sasa analitumia kuona nyuso na kuchagua mchele. Jicho la kushoto bado. Kurani anaisoma kwa kuikumbuka zaidi kuliko kwa kuitazama, na Kifaransa hakukisoma kamwe. Basi jioni ile, baada ya sala ya alasiri, aliponiuliza ninasoma nini, nilimwambia, akasema, "Soma kwa sauti. Na miye niko na masikio."

Nikawa nasoma sentensi kwa Kifaransa kimoyomoyo, kisha naitoa kwa Kiswahili. Hadithi ilimhusu msichana wa miaka kumi na miwili anayehamia kwa shangazi yake katika jengo refu la mji mkubwa. Jengo lile halina ghorofa ya nne. Katika lifti vibonye vinatoka tatu vinaruka mpaka tano. Siku moja ya mvua lifti inasimama katikati, mlango unafunguka, na msichana anaiona ghorofa ambayo haipo.

Mama alinisimamisha mara tatu kabla sijamaliza ukurasa wa pili.

"Hiyo lifti iko kintu gani?"

"Sanduku kubwa, mama. Watu wanaingia ndani, linawapandisha juu kwa kamba ya chuma."

"Na nani iko anavuta kamba?"

"Mashine."

"Na umeme ikikatika?"

Nikamwambia wanabaki ndani mpaka urudi. Akafikiri kidogo, akasema basi msichana huyo ana moyo. Halafu akataka kujua kwa nini ghorofa ya nne haitajwi. Mfasiri alikuwa ameweka maelezo madogo chini ya ukurasa: katika lugha yao neno la nne linasikika kama neno la kifo, na watu wengi hawapendi kulitaja. Nilidhani mama atashangaa. Hakushangaa hata kidogo. "Kama sisi na nyoka," alisema. "Giza ikiingia, unasema kamba. Wao wanaogopa ya kwao."

Tuliendelea hivyo siku nyingi, kurasa tano, kurasa sita, yeye juu ya mkeka akichambua sombe, majani ya muhogo, au mchele, mimi kwenye kigoda mlangoni penye mwanga. Katika ghorofa ile aliishi kiumbe wa mguu mmoja aliyetokana na ufagio wa zamani. Mfasiri alikuwa ameliacha jina lake kwa Kikorea. Mimi nikamwita jini, na mara ile ile mama akauliza, "Jini Muislamu ao kafiri?"

"Kitabu hakisemi."

"Anafanya nini?"

"Anapenda kushindana mieleka, na anapenda kucheka watu. Lakini haui."

"Basi si kafiri sana," akaamua, na tangu siku hiyo akamhurumia.

Kilichomsumbua zaidi ni sheria ya ghorofa ile. Palikuwa na bibi mmoja mpishi, mzee asiyejulikana ni hai au ni marehemu, aliyewapikia wote waliofika kwa bahati mbaya. Anayekula kwake anaweza kurudi kwao. Asiyekula anabaki. Mama alisema mwandishi amegeuza mambo: kwetu ukila chakula cha majini ndipo umebaki huko. Alirudi kwenye jambo hili hata wakati wa kuosha vyombo. "Pengine," alisema siku moja, "kwao njaa iliwahi kuwa mukubwa kuliko majini." Niliandika maneno yale pembeni mwa daftari langu la ofisini.

Kisha tukafika ukurasa wa wali.

Chakula cha bibi mpishi kinakwisha. Wamekuja watu wengi kwa sababu mvua haikatiki, na msichana anafika wa mwisho. Niliisoma sehemu ile bila kusita, nikaitoa kwa Kiswahili namna hii: bibi akakwangua sufuria, akampa msichana ukoko wote, kisha akamimina maji katika sufuria ile ile, akayachemsha, akayanywa yeye, akasema ameshiba.

Mama aliacha kuchambua mchele.

"Umeanza tena," alisema.

"Nimeanza nini, mama?"

"Kutunga. Kama kwa kile kitabu ya baba yako."

Nilibaki na kidole juu ya mstari. Kitabu cha baba. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa na hakika kwamba mama hajui.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba alikuwa mfanyakazi wa treni, mtu wa breki. Aliondoka na treni ya mizigo kwenda kusini, na nyuma yake njia ikakatika. Tukabaki mama, mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa na miaka sita. Miezi mingi hatukuwa na habari yoyote ya baba. Mji ulikuwa kama umefungwa kwa kamba: waliokwenda mashambani waliogopa kukutana na wenye bunduki njiani, mpunga wa Kailo haukuja tena, na kituo cha reli kikaota majani katikati ya vyuma. Masomo yalifungwa, yakafunguliwa, yakafungwa tena. Siku za milio ya risasi tulikaa ndani mchana mzima, mlango umefungwa, mwanga unaingia kwenye ufa tu.

Mdogo wangu alikuwa akilia kila uliposikika mlio, na kilio chake kilimtia mama hofu kuliko risasi, maana alidhani kitawaleta watu nyumbani. Mchana mmoja nilichukua kitabu pekee cha Kifaransa kilichokuwa ndani ya nyumba. Kilikuwa kitabu cha kanuni za reli, jalada gumu la kijani, ambacho baba alikiacha kwa sababu alizijua kanuni zote kwa moyo. Ndani palikuwa na bendera, taa, milango ya mabehewa, adhabu za anayelala kazini. Nilikifungua nikasema, "Hapa pameandikwa hadithi," nikaanza kusoma mambo ambayo hayakuwemo.

Nilisema palikuwa na behewa moja lililokataa kufungwa nyuma ya treni. Lilijiondokea peke yake, bila kichwa, likapita msituni, na kwenye kila kituo lilibisha hodi na kuomba kitu kimoja. Mahali pengine liliomba mlango. Pengine liliomba jina. Kwenye kituo cha Kibombo liliomba mtu wa kuliambia leo ni siku gani. Mdogo wangu alinyamaza. Kesho yake akaniletea kitabu mwenyewe na kukiweka mapajani pangu.

Nilisoma behewa lile kwa miezi. Kila mara nilihakikisha macho yangu yanatembea juu ya mistari, nageuza ukurasa kwa wakati wake, na pale nilipokwama nilisingizia neno gumu la Kifaransa. Mama aliketi pembeni akisikiliza, akitwanga polepole ili asitoe sauti. Mara moja moja aliuliza, "Na kule wakalipatia?" Nikamjibu wamelipatia ao wamelinyima. Sikuona haya. Niliona namsaidia.

Baba alirudi vita vilipotulia, akisukuma baiskeli kando ya reli, amekonda hata mdogo wangu akamkimbia. Kitabu chake kilirudi kwenye begi la kazi, na behewa likabaki bila kufika mahali. Hatukulizungumza tena. Mdogo wangu aliolewa kule Tunda, baba akastaafu, akafariki kitandani kwake, na mimi nikawa karani. Nilidhani jambo lile limekwisha kama homa ya utotoni.

Sasa mama ananiambia nimeanza tena.

"Safari hii situngi," nilimwambia. "Njo vile kimeandikwa."

"Ukoko iko mu kitabu ya watu wa Korea?"

"Iko."

"Na mayi ya sufuria?"

"Iko."

Alinitazama kwa jicho lake la kulia, muda mrefu, na usoni mwake palikuwa na kitu kama hasira ambacho sikukielewa. Akasema, "Uite Mwalimu."

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mwalimu wa Kifaransa aliyestaafu, Mkatoliki, mtu mpole anayevaa koti hata kwenye jua. Alikuja, akavaa miwani, akakipokea kitabu kana kwamba amekabidhiwa mtihani wa mtoto. Nikamwonyesha ukurasa bila kumwambia ugomvi wenyewe ni nini.

Alisoma kwa Kifaransa, kwa sauti, halafu akaitoa: "Yule bibi akampa msichana wali ulioungua. Yeye mwenyewe akajitengenezea chai ya wali, akasema hana njaa."

"Kuungua," mama alisema. "Ukoko iko fasi gani, Mwalimu?"

"Ukoko hauko, bibi. Ni riz brûlé. Wali ulioungua."

"Na mayi ya sufuria?"

Mwalimu akatazama tena mistari miwili juu na miwili chini. "Hapana. Chai ya wali. Sufuria sioni."

Mama akarudi kwenye mchele wake. Mwalimu, akihisi amekanyaga kitu, akauliza afya ya mdogo wangu, akaaga.

Niliusoma ukurasa ule peke yangu mara tano. Mwalimu alikuwa na haki. Ukoko haukuwemo, maji hayakuwemo, sufuria haikuwemo. Nilikuwa nimevitia mimi, na sikuwa nimejua kwamba ninavitia. Lakini ningesemaje? Wali ulioungua ni kosa la mpishi; unautupa, ao unampa kuku. Hakuna bibi anayempa mtoto wa mwisho kilichoungua na mtoto akafurahi, na katika kitabu msichana anafurahi, anautafuna mpaka meno yanalia. Kitu kinacholia menoni ni ukoko. Na chai ya wali inatengenezwaje na mtu ambaye chakula kimemwishia? Ulimi wangu ulijua kabla ya kichwa. Hata hivyo sikuweza kusema kwa hakika kama ulimi ule ulikuwa wa mimi ninayefasiri ao wa yule msichana niliyekuwa, wa kitabu cha kijani.

Siku mbili hatukusoma. Mama alisali, akapika, akanijibu kwa adabu. Siku ya tatu nilikwenda bandarini kwa mama wa chumba cha kusomea, nikamweleza yote. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema, "Dada, hii si maneno ya kubishana kwa mdomo. Tutafute." Ana simu nzuri na siku hiyo mtandao ulikuwa mzuri. Tuliandika kwa Kifaransa: wali ulioungua, Korea, sufuria. Zikatoka picha. Nilisogeza uso mpaka pua ikaribie kugusa kioo. Palikuwa na mabamba ya rangi ya dhahabu, yamejikunja kwa umbo la sufuria, yale yale.

Kisha akapata video. Bibi mmoja wa kule, mwenye nywele nyeupe, amechuchumaa mbele ya sufuria nyeusi ya chuma. Anautoa wali, anabakiza ukoko chini, anamimina maji, anafunika, anangoja. Maji yanapochemka anayatia katika bakuli na kumpa mtu ambaye haonekani.

Nilimwomba yule mama aje nami nyumbani na simu yake. Alifunga mlango wa sebule, tukaenda.

Mama alikuwa uani. Nilimwambia, "Usiniamini miye. Tazama weye mwenyewe." Mwenye simu akaiinua karibu na jicho la kulia, akaongeza mwanga, akaanzisha video. Mama alitazama hadi mwisho. Akaomba tena. Mara ya tatu aliishika simu mwenyewe kwa mikono miwili.

"Huyu iko maskini?" aliuliza.

Mwenye simu alisoma maandishi ya chini. "Hapana, bibi. Wanasema ni kinywaji cha kila nyumba, baada ya kula. Hata matajiri wanakipenda. Siku hizi wanakiuza dukani."

"Wanakunywa kwa kupenda."

"Kwa kupenda."

Mama alirudisha simu. Akamshukuru yule mama, akamtilia ndizi kwenye mfuko, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi alikaa kwenye mkeka na kuniambia nikae.

"Wakati wa vita," alisema, "ukoko nilikuwa ninawapatia weye na mudogo wako. Munakumbuka?"

Nilikumbuka. Tuliugombania.

"Mulipomaliza, nilikuwa ninakwenda nyuma ya jiko. Ninatia mayi mu sufuria, ninayachemsha, ninakunywa. Ninarudi, ninawaambia nimekula kwa jirani. Nilisema hakuna muntu aliniona." Alitengeneza mtandio wake. "Ulipoisoma hivi, nikasema: kumbe mutoto aliniona. Na sasa anaiweka mu kitabu, anisomee machoni pangu."

"Sikukuona, mama."

"Haukuniona?"

"Sikukuona. Mimi niliamini umekula kwa jirani."

Ni kweli, na bado nauliza. Nimejaribu kulikumbuka jiko lile la nyuma, ukuta wa udongo, jivu, nijione nimesimama pembeni, na siioni picha hiyo. Labda nilimwona na kichwa kikaficha. Labda kila mtu aliyekulia kwenye nyumba ya wali anajua kilichobaki chini ya sufuria kinatumikaje. Sijui, na sitaki kujipa hadithi nyingine juu ya jambo hili.

Nikamuuliza lile lililonichoma zaidi. "Na kitabu cha baba, ulijua lini?"

"Nilijuaka siku ya pili," alisema. "Ulifungua ukurasa iko tarakimu tupu, kutoka juu mpaka chini. Tarakimu ninazijua, baba yako alinifundisha. Na weye unasoma behewa linaomba jina."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinishangaa kidogo, kama nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Nilitaka kujua litafika wapi."

Ng'ambo ya ukuta Mwalimu alikuwa akisikiliza habari redioni. Kisha mama akasema nilete kile kitabu, bado kulikuwa na mwanga, na nimwite Mwalimu pia ili asikie kwamba ukoko upo. Mwalimu alikuja, tukamweleza habari za video, naye akakisogeza kitabu karibu na miwani na kusema kwa heshima kubwa kwamba Kifaransa hakina neno hilo, na kwamba mfasiri maskini alifanya alichoweza. "Kiswahili iko nayo," mama alimjibu. Mwalimu akakubali, akatoa kalamu, akaliandika neno kwenye kiganja chake. Sijui alikwenda kulifanyia nini.

Tangu siku hiyo alikuja kila jioni. Yeye alisoma Kifaransa kwa sauti yake ya darasani, mimi nikatoa Kiswahili, na mama akaamua. Walibishana sana juu ya jini wa ufagio. Mwalimu alishikilia kwamba si jini bali ni mzuka, kwa vile ametokana na kitu, na mama akamuuliza kama amewahi kuona mzuka anayepiga mieleka. Pale msichana alipokula wali wa bibi na kurudi kwa shangazi yake, mama alisema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

Mwisho wa kitabu haukumpendeza. Mvua inakatika, lifti inapita kutoka tatu hadi tano kama kawaida, na msichana anasahau yote, hata bibi aliyemlisha. Mwalimu alisema vitabu vya watoto mara nyingi vinaisha hivyo, ili mtoto alale bila hofu. Mama hakukubali. Alisema mtoto aliyelishwa hasahau. Labda haongei, lakini hasahau. Akataka nimwandikie mwandishi. Nilitafuta anwani, sikuipata. Nilimwandikia mchapishaji barua fupi kwa Kifaransa, nikaeleza kwamba Kindu kuna msomaji mmoja mwenye pingamizi. Hawajajibu.

Kitabu nilikirudisha Jumatatu. Msichana mmoja wa shule yetu alikuwa amekaa kwenye ngazi akikingoja, kwa kuwa jina lake ndilo lililofuata katika orodha. Aliinuka, akakipokea, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma akiwa bado amesimama mlangoni, na mwenye nyumba ikabidi amwambie aingie asizuie njia.